Kugeuza Pikipiki Kuukuu Kuwa Boba: Shokapu Zibaki, Zitolewe, au Fremu Ikatwe?

Mtu anayeamua kuigeuza pikipiki yake kuukuu kuwa boba, yaani pikipiki ya mtu mmoja yenye madigadi fupi na iliyovuliwa kila kisicho cha lazima, tena nyumbani na kwa mikono yake, huanza na mambo mepesi. Huondoa kiti kirefu cha abiria, hufungua keria na madigadi, hubadilisha usukani, hupaka tenki rangi, na yote hayo humwendea vizuri mpaka anapofika kwenye gurudumu la nyuma. Hapo hukwama, kwa sababu ndipo penye uamuzi ambao ukishafanywa kwa grenda haurudishiki kirahisi: je, shokapu za nyuma zibaki, zitolewe na mahali pake ziwekwe fimbo ngumu, au sehemu yote ya nyuma ya fremu ikatwe na kuchomelewa mkia mpya usio na shokapu kabisa?

Ulinganisho huu unazihusu pikipiki ndogo za silinda moja, za cc 125 hadi 150, zenye shokapu mbili nyuma. Humo wamo Honda CG125 na nakala zake nyingi za Kichina, Suzuki GN125, pamoja na Bajaj Boxer BM150 iliyokwisha kuchoka kwa kazi ya bodaboda. Nimezichagua hizo kwa sababu ndizo zinazolala nyuma ya nyumba nyingi za Afrika Mashariki zikisubiri kazi, spea zake hupatikana hata kwenye miji midogo, na mtu akiharibu fremu ya pikipiki kama hiyo hasara yake inavumilika. Mwenye pikipiki kubwa ya silinda mbili atapata humu mengi ya kumfaa, lakini vipimo vya mabomba na nguvu za viungio itabidi avipandishe.

Kuna jambo moja la historia ambalo lazima litangulie, kwa kuwa wengi hukata fremu kwa sababu ya kutolijua. Boba ilianzia Marekani katika miaka ya 1930 na 1940, pale wapenda mwendo kasi walipoanza kukata madigadi ya nyuma iwe fupi, kuitupa ile ya mbele, na kung'oa kila chuma ambacho hakikuisaidia pikipiki kwenda. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, pikipiki za jeshi aina ya Harley-Davidson WLA, zenye injini ya takriban cc 740, ziliuzwa kwa raia, na nyingi zilipitia mikasi hiyohiyo. Pikipiki hizo hazikuwa na shokapu za nyuma tangu kiwandani. Harley-Davidson waliziwekea pikipiki zao kubwa shokapu za nyuma mwaka 1958 tu, katika toleo la Duo-Glide. Kwa hiyo waasisi wa mtindo huu hawakuondoa shokapu. Hawakuwa nazo za kuondoa. Kilichokatwa kilikuwa madigadi. Viwanda vyenyewe vinalijua hilo, maana Softail ya Harley-Davidson ya mwaka 1984 ilificha shokapu zake ili fremu ionekane ngumu kama ya zamani, na Triumph walipoionyesha Bonneville Bobber mwaka 2016 walifanya vivyo hivyo kwa shokapu moja iliyofichwa chini ya kiti. Anayesema kwamba pikipiki yenye shokapu si boba halisi anatoa maoni yake, na ana haki nayo, ila historia haimuungi mkono.

Vigezo vya kulinganishia

Kila njia itapimwa kwa mambo matano. La kwanza ni uimara, yaani nguvu za barabara zinapita wapi ndani ya fremu na kiungio gani kitashindwa kwanza. La pili ni zana, ustadi na gharama. La tatu ni mwendo wenyewe, juu ya lami, kwenye matuta, na kwenye barabara ya vumbi iliyochimbika. La nne ni mwonekano, ambao hapa si jambo la anasa, kwa kuwa ndio unaomfanya mtu aingie kwenye kazi hii. La tano ni karatasi za usajili na uwezekano wa kuirudisha pikipiki ilivyokuwa.

Nikitaja uma wa nyuma nina maana ya zile pembe mbili za chuma zinazoshika ekseli ya gurudumu la nyuma na kupandashuka kwenye mhimili ulio nyuma ya injini. Nikitaja mkia wa fremu nina maana ya mabomba mawili yanayopita chini ya kiti hadi kwenye taa ya nyuma.

Tahadhari zifuatazo ni za njia zote tatu. Kabla ya cheche ya kwanza, tenki litolewe na kupelekwa mbali, wala lisichomelewe kamwe kwa kudhani kwamba limekauka. Betri ifunguliwe waya zake, na CDI, yaani kile kisanduku cha umeme kinachoongoza cheche ya plagi, ichomolewe, kwa sababu umeme wa mashine ya kuchomelea hutafuta njia na unaweza kuipitia. Waya wa ardhi wa mashine ubanwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa, ili mkondo usipite kwenye beringi za gurudumu au za injini. Mwisho, fremu ikwanguliwe rangi na kuchunguzwa chini, hasa pale ambapo matope hukaa, kwa kuwa fremu iliyolika kwa kutu haifai kwa njia yoyote kati ya hizi.

Njia ya kwanza: shokapu zinabaki

Katika njia hii uma wa nyuma na shokapu hazikatwi. Kinachoondoka ni ile sehemu ya mkia wa fremu iliyo nyuma ya pini za juu za shokapu, ambayo katika pikipiki hizi hubeba taa, madigadi, keria na makalio ya abiria. Mahali pake huwekwa upinde mfupi wa bomba, madigadi iliyofupishwa na kiti cha mtu mmoja. Wengi huongeza shokapu fupi kuliko za awali ili sehemu ya nyuma ishuke.

Kwa uimara, hii ndiyo njia inayoiacha kazi ya wahandisi mahali pake, ilimradi msumeno usivuke pini za shokapu kuelekea mbele. Hata hivyo upinde wa nyuma uliokatwa ulikuwa na kazi, nayo ni kuyafunga mabomba mawili yasitanuke. Anayekata na kuyaacha wazi ataona baada ya muda kwamba kiti kinacheza na shokapu moja imeanza kuvujisha mafuta, kwa sababu juu yake imesogea nje. Kwa hiyo upinde mpya ni sehemu ya fremu, wala si pambo.

Shokapu fupi nazo zina hesabu yake, na njia ya kuipata haihitaji kalamu. Pikipiki isimamishwe imara huku gurudumu la nyuma likining'inia, shokapu zote mbili zifunguliwe, kisha gurudumu lipandishwe taratibu kwa jeki mpaka tairi likaribie chuma, waya au madigadi kwa upana wa vidole viwili. Umbali kati ya pini ya juu na ya chini wakati huo ndio urefu ambao shokapu mpya, ikiwa imebonyea kabisa, haipaswi kuupungukia. Wengi hupima shokapu ikiwa imesimama tu, kisha shimo la kwanza barabarani linakata waya za taa. Kushusha sehemu ya nyuma pia kunailaza nyuma shingo ya usukani, hivyo pikipiki hutulia zaidi kwenye mstari ulionyooka na huwa nzito kidogo kukata kona. Stendi ya pembeni huwa ndefu mno, pikipiki ikasimama karibu wima na kuangushwa na upepo au mtoto anayepita, na stendi ya katikati haiinui tena gurudumu kirahisi. Stendi ya pembeni ifupishwe siku ileile.

Zana zinazohitajika ni seti ya spana, grenda, tupa na mashine ya kutobolea. Upinde unaweza kuchomelewa na fundi kwa kazi ya saa chache, au ukafungwa kwa bolti kwa kuingiza vipande vya bomba ndani ya mabomba ya mkia. Gharama kubwa hapa ni kiti na shokapu, kama zitabadilishwa.

Kwa mwendo, hakuna kati ya njia hizi inayoikaribia. Ekseli inaendelea kupanda na kushuka karibu sentimita 10, na kwa barabara zenye matuta na rasta kila kituo tofauti hiyo inasikika kiunoni. Kasoro ndogo ni kwamba shokapu za pikipiki hizi zilipangwa kubeba watu wawili na mzigo, hivyo kwa mtu mmoja huwa ngumu. Pete ya kurekebishia springi ishushwe kwenye hatua laini kabisa.

Mwonekano ndio udhaifu wake. Uzuri wa boba uko katika madigadi fupi inayolifuata tairi kwa karibu, na shokapu zinapofanya kazi lazima pawepo nafasi ya gurudumu kupanda. Mtu ana mawili ya kuchagua. Anaweza kufunga madigadi kwenye fremu na kukubali pengo kubwa juu ya tairi, au kuifunga kwenye uma wa nyuma ili ipande na kushuka pamoja na gurudumu. La pili linapendeza zaidi, ila vishikio vyake vitengenezwe kwa bati nene la milimita 4 au 5 na nati zenye raba ndani, kwa kuwa kila mtikisiko wa barabara unafika hapo bila kupunguzwa na bati jembamba hukatika kwenye tundu la bolti.

Upande wa karatasi hauna shida kubwa. Namba ya chesisi, ambayo kwa kawaida imegongwa kwenye shingo ya usukani, haiguswi. Kuirudisha pikipiki ilivyokuwa kunahitaji kuchomelea tena kile kipande kilichokatwa, kwa hiyo kisitupwe.

Njia hii inamfaa anayeitumia pikipiki kila siku, anayeishi kwenye barabara mbaya, mwenye mgongo unaolalamika, na yule ambaye hii ni kazi yake ya kwanza ya chuma.

Njia ya pili: fimbo ngumu mahali pa shokapu

Hapa shokapu zinafunguliwa na kuwekwa fimbo mbili za chuma zenye matundu juu na chini. Uma wa nyuma unabaki ila haupandi wala haushuki. Kwa nusu saa pikipiki inapata umbo la fremu ngumu, na ndiyo maana njia hii inapendwa sana na vijana.

Suala la uimara linahitaji uangalifu kuliko linavyopewa. Shokapu inapokutana na shimo, springi inabonyea na nguvu inaifikia fremu kidogo kidogo. Fimbo ngumu haibonyei, hivyo kishindo chote kinafika papo hapo kwenye pini ya juu, ambayo katika pikipiki hizi mara nyingi imeshikwa na fremu upande mmoja tu, upande wa pili ukiwa hewani. Pini hiyo haikuundwa kwa kazi hiyo. Ufa huanza pembezoni mwa weldi inayoishika, na dalili yake ya kwanza ni uzi mwembamba wa kutu unaojitokeza juu ya rangi, kama mstari wa kalamu nyekundu. Anayeiona dalili hiyo asiipake rangi. Bushi za mhimili wa uma nazo huchoka mapema.

Hatari hiyo inaweza kupunguzwa, ingawa haiondoki. Kipande cha bati cha pembetatu kikichomelewa kati ya kishikio cha pini na bomba la fremu hutawanya nguvu. Fimbo zitengenezwe kwa chuma kigumu au bomba nene, na matundu yake yatobolewe zikiwa zimebanwa pamoja, maana moja ikiwa ndefu kuliko nyingine hata kwa milimita 2, uma unajikunja na gurudumu linainama upande. Anayeendesha ataona pikipiki inavuta upande mmoja na atalaumu tairi.

Kwa zana na gharama, hakuna njia ya bei nafuu kuliko hii. Inahitaji vipande viwili vya chuma, mashine ya kutobolea na spana. Kwa mwendo, pikipiki inakuwa ngumu sawa na ile iliyochomelewa mkia mpya, bila faida ya fremu iliyojengwa kwa ajili ya ugumu huo. Kinachobaki kumlinda mwendeshaji ni tairi na springi za kiti. Tairi nene husaidia: Suzuki GN125 ina bahati ya rimu ya inchi 16 nyuma yenye tairi la upana wa inchi 3.50, ilhali Boxer hutembelea rimu ya inchi 17 na tairi jembamba zaidi. Anayetaka kuongeza unene ahakikishe kwanza kwamba tairi halitagusa cheni wala uma. Mwendo unalo jema lake moja, kwamba cheni haikazi wala kulegea, kwa sababu umbali kati ya sproketi mbili haubadiliki tena.

Mwonekano ni mzuri kwa mbali. Kwa karibu, jicho la mtu anayejua linaona uma wa kawaida na fimbo zilizosimama wima, si ule mstari mmoja unaoteremka kutoka shingoni hadi kwenye ekseli. Madigadi inaweza kukaa karibu na tairi kwa kuwa gurudumu halipandi, na hilo pekee linabadilisha sura ya pikipiki nzima.

Katika karatasi na uwezo wa kurudi nyuma njia hii haina mpinzani, kwa kuwa hakuna kinachokatwa. Binafsi naiona ni chombo cha kupimia kizuri kuliko kuwa mwisho wa safari: ukitengeneza fimbo zenye matundu kadhaa, unaweza kujaribu urefu mbalimbali pikipiki ikiwa imesimama, ukakaa juu yake, ukarudi nyuma hatua chache na kuitazama, mpaka ujue unataka ekseli ikae wapi. Lakini itakuwa si haki kusema haina mtu wake. Inamfaa mwenye pikipiki ya maonyesho na ya matembezi mafupi ya Jumapili kwenye lami nzuri, asiyezidisha mwendo, asiye na uzito mkubwa, na aliye tayari kuikagua pini ya juu kila mara anapoosha pikipiki.

Njia ya tatu: mkia mpya wa kuchomelea

Hii ni kazi ya kuikata fremu nyuma ya injini, kuutupa uma na shokapu, na kuchomelea pembetatu ya mabomba inayoshika ekseli moja kwa moja. Ndiyo njia inayotoa boba inayofanana zaidi na zile za miaka ya 1940, na ndiyo yenye nafasi nyingi za kukosea.

Uimara wake unaweza kuzidi ule wa njia ya pili kwa mbali, au ukawa mbaya kuliko zote, kutegemea mambo matatu. La kwanza ni bomba. Mabomba ya maji na yale membamba ya vitanda na viti hayafai, hata kama fundi anasema amekwisha kuyatumia. Linalotakiwa ni bomba la chuma la kazi ya mashine, lenye kipenyo cha karibu milimita 25 na unene wa ukuta wa milimita 2.5 hadi 3. La pili ni kiungio. Mabomba mawili hayagusishwi ncha kwa ncha na kuzungushiwa weldi juu. Ndani yake huingizwa kipande cha chuma kilichochongwa kwa mashine ya kukereza hadi kibane, kikiingia kila upande kwa sentimita kadhaa. Kisha bomba hutobolewa matundu pembeni, kipande cha ndani kikachomelewa kupitia matundu hayo, ndipo mshono wa kuzunguka unapofuata. Bomba linapokutana na jingine kwa pembe, ncha yake ichongwe kwa tupa kama mdomo wa samaki mpaka mwanga usipite kati yao, kwa sababu weldi inayojaza pengo ni weldi dhaifu.

La tatu ni mchomeleaji. Fundi wa mageti na madirisha anaweza kuwa hodari sana kwa kazi yake, lakini geti likipasuka mshono linaning'inia tu. Fremu ikipasuka kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, mwendeshaji yuko chini. Dawa ni kumpa kwanza vipande viwili vya bomba lilelile aviunganishe, kisha kuukata mshono katikati kwa msumeno na kutazama. Chuma kiwe kimeyeyuka na kuwa kitu kimoja hadi ndani, pasiwe na matundu wala takataka nyeusi. Fundi mzuri hatakasirika kwa kuombwa jaribio hilo.

Halafu kuna unyoofu. Kabla ya kukata, fremu ifungwe kwenye meza ya chuma au kwenye boriti mbili zilizopimwa pima maji, injini ikiwa ndani yake ili mabomba yasifunguke yakiachwa. Ekseli ya nyuma ichomekwe kwenye vishikio vipya na kufungwa kabla ya kuchomelewa chochote. Mishono midogo ya kushikiza ije kwanza, upande huu na upande ule kwa zamu, kwa kuwa weldi inapopoa huvuta chuma na upande uliochomelewa wote kwa mkupuo mmoja utaivuta ekseli kwake. Uzi unyooshwe kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili, na sproketi ya mbele na ya nyuma zitazamwe kama ziko kwenye mstari mmoja.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni breki. Sahani ya breki ya dramu huzuiwa isizunguke na chuma kinachoishika kwenye uma wa nyuma. Uma ukitupwa, mshiko huo unaondoka nao. Mwenye kusahau kuchomelea kishikio kipya kwenye mkia ataendesha vizuri mpaka atakapokanyaga breki kwa nguvu, na hapo sahani itazunguka, ifunge gurudumu na kukata fimbo ya breki. Fimbo hiyo nayo itahitaji kurefushwa ikiwa ekseli imerudi nyuma. Cheni vilevile: ekseli ikirudi sentimita 10, cheni inahitaji karibu sentimita 20 zaidi, na kwa cheni ya 428, ambayo kila kiungo chake ni milimita 12.7, hivyo ni viungo 16.

Kwa zana na gharama, mtu asiye na mashine ya kuchomelea ya gesi kinga atalipia kazi ya fundi, ukerezaji, bomba bora, cheni mpya na mara nyingi usafiri wa fremu kwenda na kurudi. Hata hivyo kazi ya kukata, kuchonga midomo ya mabomba, kufunga na kupima inaweza kufanyika nyumbani, ikabaki mishono peke yake ya kupelekwa kwa fundi.

Mwendo wake kwenye lami nzuri una utamu ambao wenye shokapu hawaujui: pikipiki iko chini, haiinami inapoongezewa mafuta, na kila kitu kinasikika. Kwenye barabara ya mabonde unachosha haraka. Springi za kiti husaidia, ila hazina cha kuzituliza, kwa hiyo baada ya tuta humrusha mtu mara mbili au tatu kabla ya kutulia. Kwa mwonekano haina mshindani, kwa kuwa madigadi inaweza kulifuata tairi kwa sentimita 2 au 3 na mstari wa fremu hauvunjwi na chochote.

Karatasi ndiyo sehemu inayohitaji kuulizia kabla, si baada. Namba iliyoko shingoni inabaki, lakini pikipiki imebadilika umbo, na Tanzania usajili uko chini ya mamlaka ya mapato, TRA, Kenya chini ya mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA. Mwenye kutaka kuitumia barabarani apate maelekezo yao na aiarifu kampuni ya bima, ambayo ikija kugundua baada ya ajali kwamba fremu ilikatwa bila taarifa ina sababu ya kukataa kulipa. Kwa Waswahili walioko Ujerumani, fremu iliyokatwa bila kuidhinishwa na wakaguzi kama TÜV huiondolea pikipiki ruhusa ya kutembea. Kurudi nyuma hakupo, isipokuwa kwa kununua fremu nyingine.

Njia hii inamfaa mwenye pikipiki ya pili ya kutembelea, mwenye fundi aliyefaulu jaribio la mshono, na mwenye subira ya kuiacha fremu mezani mpaka vipimo vikubaliane.

Uchague nini, kulingana na hali yako

Kama pikipiki hiyo ndiyo ya kwendea kazini kila asubuhi, shokapu zibaki. Boba yenye shokapu nyeusi, tairi nene nyuma na madigadi fupi iliyofungwa kwenye uma haina sababu ya kuionea haya iliyochomelewa.

Kama ndiyo inayoleta chakula kwa kubeba abiria, swali la shokapu halijafika bado, kwa kuwa boba ni ya mtu mmoja na ikishatengenezwa biashara imekwisha. Tafuta nyingine iliyokufa, uiache hiyo ifanye kazi.

Kama unaishi mjini, lami ni nzuri, matembezi ni mafupi, na fedha iliyopo inatosha kiti na rangi tu, fimbo ngumu zinaweza kukupa sura unayoitaka, ukiziongezea bati za pembetatu na ukakubali kuzikagua. Ukiwa na uzito mkubwa, au njia ya kwenda kwako ina kipande cha vumbi kilichochimbika, ziwe za kupimia tu na pikipiki isitoke nazo uani.

Kama una fremu ambayo mkia wake umekwisha kupinda kwa mizigo, au pini za shokapu zimechomelewa mara kadhaa, njia ya tatu inakuwa na mantiki zaidi kuliko ilivyo kwa fremu nzima, maana sehemu iliyoharibika ndiyo itakayotupwa. Hakikisha tu kwamba kutoka mhimili wa uma kwenda mbele chuma ni kizima.

Na kama bado hujaamua, anza na ya kwanza, upinde wa nyuma ukiwa wa kufungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa. Itembelee msimu mmoja wa mvua, ili ujue madigadi fupi inarusha matope kiasi gani mgongoni na kama barabara zako zinahitaji zile sentimita 10 za shokapu. Ukiona bado unaitaka fremu ngumu, kiti, tenki, usukani na taa vitahamia kwenye mkia mpya, na utakachopoteza ni ule upinde peke yake.